Moto Ghorofani: Utatokaje na Watoto?

Mara nyingi hapa tunaongea juu ya chanjo, kuhara na lishe ya mtoto. Leo tunapanda ghorofani.

Tazama jinsi miji yetu ilivyokua. Pipeline, Umoja, Zimmerman, Githurai, na hata kule Mombasa, nyumba za kupanga zimeenda juu ghorofa sita, saba na zaidi, nyingi bila lifti. Ukiangalia ni nani anayepanda ngazi hizo kila jioni, mtoto mgongoni na mtungi wa maji mkononi, utaona ni mama. Na ndani ya kila nyumba mna gesi, mna stima, mna godoro la sponji, na dirishani mna vyuma vya kuzuia wezi.

Mama mmoja alitutumia ujumbe mfupi akauliza hivi: "Nimeona kwenye simu watu wakishuka kwa kamba kutoka dirishani nyumba ikiungua. Mimi nakaa ghorofa ya tano na watoto wawili. Kifaa hicho ni cha kweli? Nichange pesa ninunue?"

Swali zuri sana. Tutalijibu, lakini kwanza ni lazima tujue adui mwenyewe ni nani.

Watu wengi hufikiri kwamba anayekufa kwenye moto huchomeka. Wengi hufa kwa moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni, hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikishabebeshwa mzigo huo haina tena nafasi ya kubeba hewa safi. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, akachanganyikiwa, kisha miguu hulegea. Mwingine hajui hata kama anakufa, maana alikuwa usingizini na usingizi ukazidi tu. Godoro la sponji na makochi yakiungua hutoa pia sumu nyingine iitwayo sianidi. Mtoto mchanga yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu anapumua haraka kuliko wewe, basi huvuta sumu nyingi kwa muda mfupi.

Kwa hivyo mama, unapofikiria kutoka kwenye jengo linaloungua, unashindana na dakika chache. Kifaa chochote kinachohitaji dakika kumi kukifungua, kukifunga na kukisoma maagizo yake hakikufai. Liweke hilo akilini tunapoendelea.

Haya, turudi kwa swali. Ndiyo, vifaa vya kushukia kwa kamba ni vya kweli. Katika Korea Kusini sheria inataka viwekwe kwenye majengo mengi kuanzia ghorofa ya tatu hadi ya kumi. Ni kisanduku kidogo chenye breki ndani yake, kamba ndefu yenye waya wa chuma, na mkanda wa kujifunga kifuani chini ya makwapa. Kisanduku huning'inizwa kwenye mkono wa chuma uliokazwa ukutani kwa bolti. Mtu akitoka dirishani, uzito wake ndio unaoivuta kamba, na breki huipunguza kasi ili ashuke taratibu bila kuanguka. Upande mmoja ukishuka, mkanda wa upande wa pili hupanda kumfuata mwingine. Anayeshuka huelekeza uso ukutani na kujizuia kwa viganja asijigonge. Hapaswi kuinua mikono juu, kwa sababu mkanda unaweza kumchomoka.

Ni kifaa kizuri, lakini sikiliza masharti yake. Ule mkono wa chuma ni lazima ufungwe na fundi kwenye ukuta imara. Ukuta mwembamba wa matofali yaliyotiwa simiti kidogo unaweza kung'oka pamoja nawe. Kifaa kina uzito wa juu na uzito wa chini kinachokubali, na mtoto mdogo ni mwepesi mno kushushwa peke yake. Tena dirisha lenyewe liwe linafunguka mtu mzima apite. Angalia dirisha lako sasa hivi. Lina vyuma? Basi hata ukinunuliwa kifaa cha Korea chenyewe, utakaa nacho ndani.

Kwa hivyo jibu letu kwa yule mama wa ghorofa ya tano ni hili: usikimbilie kununua peke yako. Kifaa hiki ni cha jengo zima, na anayepaswa kukiweka ni mwenye nyumba, kwa fundi anayejua kazi. Pesa zako zina kazi nyingine ya mbele, nasi tutaifikia.

Kuna pia ngazi ya kuning'iniza. Hii ni rahisi zaidi. Ni mikanda imara au minyororo miwili yenye vipago katikati, na juu ina kulabu mbili kubwa za kushika ukingo wa dirisha. Nzuri zake huwa na vishikizo vinavyoisukuma mbali na ukuta ili kidole cha mguu kipate pa kuingia. Nyingi hutengenezwa kwa ajili ya ghorofa ya kwanza na ya pili, na ndipo inapofaa. Kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu, ngazi hiyo hucheza hewani, na mama mwenye mtoto kifuani atakuwa anaomba Mungu zaidi ya kushuka. Ukiwa unakaa chini hivyo na dirisha lako linafunguka, hiki ni kifaa cha kufikiria. Soma uzito unaobebwa. Jaribu kuitundika kwenye dirisha la chini kabisa mchana, watoto wakiona. Mtoto anayeweza kupanda ashuke akiwa mbele ya mtu mzima, kati ya mikono yake na ngazi. Mtu mzima awe chini kidogo yake, ili mguu wa mtoto ukiteleza amzuie kwa mwili wake.

Na kamba ya kawaida ya katani au ya nailoni, ile ya kuanikia nguo? Hapana. Mikono mitupu haiwezi kuushika uzito wa mwili kwenye kamba nyembamba. Itachunika na utaiachilia. Nailoni nayo huyeyuka kwa joto. Mashuka yaliyofungwa fundo kwa fundo tumeyaona kwenye filamu. Katika maisha ya kweli fundo hufunguka.

Kofia ya kuzuia moshi ni kifaa kingine kinachouzwa. Hufunika kichwa chote, na ina chujio lenye kemikali zinazoibadilisha kaboni monoksaidi isiwe sumu kali. Kwa kawaida hutumika kwa muda wa dakika 15 hivi, mara moja tu, na ina tarehe ya kuharibika. Haitengenezi oksijeni, bali inachuja tu. Watu wengi huuliza kama barakoa zile za wakati wa korona zinaweza kufanya kazi hiyo. Haziwezi. Hata kitambaa kibichi hakizuii kaboni monoksaidi. Kitapunguza masizi na joto la hewa, nacho ni afadhali kuliko kukosa, lakini kisikudanganye ukaingia kwenye moshi mzito ukidhani umejikinga. Na kofia hizi nyingi hazikutengenezewa mtoto mchanga.

Kuna mifereji ya kitambaa ambayo mtu huteleza ndani yake kutoka ghorofani hadi chini. Utaikuta katika baadhi ya majengo ya Japani. Kuna hata miavuli ya kurukia iliyotangazwa sana kule Marekani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Huo mwavuli unahitaji urefu mkubwa ili ufunguke na mtu aliyefunzwa. Mama wa ghorofa ya sita Githurai aliyebeba mtoto wa miezi mitatu hauhitaji, na yeyote anayetaka kukuuzia anakula pesa zako.

Mto mkubwa wa hewa ambao wazimamoto huutandaza chini nao una hatari zake. Mnamo Agosti 2024 hoteli moja iliungua katika mji wa Bucheon, Korea Kusini, na watu saba wakafa. Wawili kati yao waliruka kwenye mto huo. Wa kwanza aliangukia pembeni, mto ukapinduka, na wa pili akaruka mara moja kabla haujarekebishwa. Ikiwa hilo liliwapata watu katika nchi yenye vifaa vya kila aina, basi usirukie magodoro yaliyotupwa chini na majirani wenye nia njema ikiwa bado una njia nyingine.

Utasema, mbona kuna mama wa Durban aliyemrusha mtoto akapona? Ni kweli. Julai 2021, wakati wa ghasia kule Afrika Kusini, maduka ya chini ya jengo yalichomwa, na mama mmoja akamrusha mtoto wake mdogo kwa umati wa watu waliokuwa wamenyoosha mikono barabarani. Wakamdaka. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini sehemu ya hadithi inayosahaulika ni kwamba mama huyo kwanza alishuka kwa ngazi kutoka ghorofa za juu mpaka akawa karibu na ardhi, na hapo ndipo njia ilipofungwa. Angekuwa bado juu, mikono ile isingesaidia. Ngazi za jengo ndizo zilizomfikisha mahali ambapo mtoto angeweza kudakwa.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kifaa kikubwa cha kuokoa maisha katika ghorofa ni ngazi za jengo zisizo na moshi, zisizo na vitu, na zenye lango linalofunguka. Ngazi ndefu za magari ya zimamoto, hata pale zilipo, nyingi hufika mita 30 hivi, yaani kama ghorofa ya kumi, na gari lenyewe ni lazima lipite kwenye kichochoro chenu. Wewe unajua kichochoro chenu. Kuna gari linaloweza kupita penye vibanda, boda boda na kokoto za ujenzi?

Mnamo Machi 1911, jijini New York, kiwanda cha kushona nguo kiliungua katika ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya sita tu, na nyavu za kudakia watu zilichanika. Utafikiri ni mambo ya kale. Agosti 2023, jengo la ghorofa tano liliungua katikati ya Johannesburg, na watu zaidi ya 70 wakafa. Huko nako kulikuwa na milango ya chuma iliyofungwa. Karne nzima imepita na kufuli ni ile ile.

Na sisi hapa nyumbani hatujasahau. Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Bombolulu, mwaka 1998, wasichana 26. Endarasha, Septemba 2024, wavulana 21. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje. Mama, una haki ya kwenda kuliona bweni la mwanao siku ya wazazi. Usiishie kwenye ukumbi na sahani ya pilau. Fika bwenini, uusukume mlango, ulijaribu dirisha.

Sasa tuje kwenye nyumba yako. Tuanze na lango la chini. Nani ana ufunguo usiku? Ikiwa ni keateka peke yake, naye hulala kwingine au hunywa kidogo jioni, basi ninyi nyote mmefungiwa. Kaeni pamoja kama wapangaji, mmwambie mwenye nyumba aweke komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Akikataa, kila nyumba ipewe ufunguo wake. Hili si ombi la anasa. Kina mama wa jengo moja wakizungumza kwa sauti moja, landlodi husikia, hasa mwisho wa mwezi.

Kisha ngazi zenyewe. Baiskeli, majiko, magunia ya makaa na mitungi ya gesi ya majirani havipaswi kukaa hapo. Moto ukishika kwenye ngazi, njia ya watu wote imekufa.

Kisha vyuma vya dirishani. Hapa tunajua mtajibu: "Wezi je?" Na tena vyuma hivyo huwazuia watoto wadogo wasianguke, jambo ambalo ni la kweli kabisa, hatutaki mtu asikie redio leo kisha akang'oe vyuma kesho. Mwite fundi wa kuchomelea. Achague dirisha moja, lile lililo rahisi kufikiwa na wazimamoto au lililo karibu na paa la jirani au roshani, akate sehemu ya vyuma na kuiwekea bawaba na kufuli kwa ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari mmoja, siku zote, mahali ambapo mwizi wa nje hafikii na mtoto wa miaka miwili hafikii, lakini mtoto mkubwa na yaya wanafikia hata gizani. Kazi hiyo ni ya fundi mmoja na siku moja. Hizo ndizo pesa zilizotangulia kamba ya Korea.

Pamoja na hapo nunua king'ora cha moshi. Ni kidude cha mviringo cha kubandika darini, kinatumia betri, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na vifaa tulivyovitaja. Kazi yake ni kulia ukiwa umelala. Pua ya mtu aliyelala haimwamshi kwa harufu ya moshi, usijidanganye. Kiweke karibu na mahali mnapolala, mbali kidogo na sufuria za kukaanga. Kibonyeze kila mwezi usikie kama bado kiko hai. Ongeza tochi kando ya kitanda, maana stima hukatika moto unapoanza, na leso mbili pale pale.

Leso? Ndiyo. Hicho ni kifaa cha kuokolea ulichonacho tayari. Ukitoka na mtoto mchanga, mfunge kifuani, si mgongoni. Tumezoea mgongoni, lakini moshi wa moto huwa mzito juu na hewa nzuri hubaki chini karibu na sakafu. Utalazimika kuinama au kutambaa, na mtoto aliye mgongoni atakuwa ndani ya moshi huku wewe ukipumua vizuri chini yake. Kifuani unamwona, na mikono yako inabaki huru kushika ukuta na kumshika mtoto wa pili. Jizoeze kumfunga hivyo mpaka uweze gizani.

Saa ikifika, fanya hivi. Moto ukiwa ndani ya nyumba yako na umekushinda, chukua watoto, toka, na ufunge mlango nyuma yako bila kuupiga kufuli. Mlango uliofungwa huuzuia moshi na kuwapa majirani muda. Usirudi kuchukua simu, cheti wala pesa za chama. Piga kelele, gonga milango ukishuka. Usitumie lifti. Ukiwa nje piga 999 au 112, na taja mtaa, jina la jengo, na alama iliyo karibu.

Moto ukiwa kwa jirani au chini, gusa mlango wako kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa baridi, fungua kidogo, uchungulie. Ngazi zikiwa hazina moshi, shuka mara moja. Usingoje kuambiwa. Katika jengo la Grenfell, London, usiku wa Juni 14, 2017, wakaazi waliambiwa wangoje ndani ya nyumba zao, kwa sababu jengo lilidhaniwa kuwa lingeuzuia moto usienee. Moto ulianzia jikoni kwenye ghorofa ya nne, ukapanda kwa nje kupitia kuta zilizobandikwa vifaa vinavyoungua. Jengo lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu. Ushauri ulipobadilishwa, karibu saa mbili zilikuwa zimepita. Watu 72 walikufa. Wengi waliotoka mapema, walitoka kwa ngazi ile ile.

Ikiwa ngazi zimejaa moshi, rudi ndani. Tunajua moyo utakataa, lakini kupita ghorofa nne za moshi mzito na watoto ni kifo. Funga mlango, ziba mwanya wa chini kwa taulo au leso zilizoloweshwa, hamia chumba cha mbali chenye dirisha, na funga milango yote iliyo katikati. Fungua dirisha kidogo. Moshi ukiingia kutoka nje, lifunge. Peperusha kitambaa cha rangi kali, mulika tochi, na upige simu useme: "Niko ghorofa ya tano, upande wa barabara, na watoto wawili." Hao waliofika chini watawaelekeza wazimamoto kwako.

Kukimbilia juu ya paa tunakuonya. Moshi na joto hupanda. Mwaka 1974, katika jengo la Joelma kule São Paulo, Brazil, watu wengi walipanda juu wakitumaini helikopta. Helikopta hazikuweza kutua kwa ajili ya moshi na joto, na waliokufa katika jengo lile walizidi 170. Isitoshe, mlango wa paa katika nyumba zetu nyingi una kufuli ya kulinda nguo zilizoanikwa.

Na wale wasioweza kushuka ngazi? Nyanya mwenye magoti, mama aliyejifungua kwa upasuaji juzi, mtoto mwenye ulemavu? Kuna kiti maalumu cha kushukia ngazi chenye mikanda inayoteleza kwenye vidato, na mtu mmoja anaweza kukiongoza. Septemba 11, 2001, mtu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alishushwa na wenzake kwa kiti cha namna hiyo kutoka ghorofa ya 69 kule New York, wakatoka salama. Hospitali na ofisi za ghorofa zinapaswa kuwa nacho. Nyumbani, kiti cha kawaida kisicho na magurudumu na wanaume wawili wenye nguvu kitafanya kazi hiyo, au blanketi la kumkokotea. Lakini hao wanaume wawili uwajue kwa majina leo. Panga na jirani: "Ikitokea, wewe na kijana wako mtakuja kwa mama yangu." Mjamzito na mgonjwa wakipata nafasi ya kuhamia ghorofa ya chini, wahame.

Watoto nao wafundishwe kama mchezo. Mtoto mdogo akiogopa hujificha, chini ya kitanda au ndani ya kabati, na wazimamoto huwakuta huko wakiwa wamechelewa. Mwambie kwamba moto haujifichwi, unakimbiwa. Tambaeni pamoja kutoka kitandani mpaka mlangoni macho yakiwa yamefungwa, mkihesabu milango kwa mkono. Chagueni mahali pa kukutana nje, labda kibanda cha mama mboga ng'ambo ya barabara. Nguo ikishika moto: simama, lala chini, bingirika. Fanyeni mchezo huu na yaya pia, kwa sababu mchana yeye ndiye mama. Na tafadhali sana, usiwafungie watoto ndani kwa kufuli ukienda sokoni, hata kwa dakika tano. Waache kwa jirani.

Baada ya kutoka, kazi bado. Aliyeungua, mtie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Vua bangili, shanga na nguo iliyo karibu na jeraha, ila iliyogandamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, yai, siagi, wala unga wa ugali. Huzuia joto lisitoke na huleta uchafu kwenye kidonda. Mtoto asipate baridi unapommwagia maji. Funika sehemu nyingine za mwili. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini. Kwa mtoto mchanga, jeraha dogo tu linatosha kumpeleka.

Na yule ambaye hakuungua popote lakini alivuta moshi, naye aende. Ukiona masizi puani au mdomoni, sauti imekwaruza, anakohoa, anasinzia ovyo, anatapika au analalamika kichwa, usimpe maziwa ukingoje asubuhi. Maziwa hayatoi sumu hiyo kwenye damu. Koo huweza kuvimba baada ya saa kadhaa na kuziba njia ya hewa wakati nyinyi mmeshaanza kushukuru Mungu. Hospitalini atapewa oksijeni, nayo ndiyo inayoiondoa kaboni monoksaidi haraka. Mwambie daktari alikaa kwenye moshi muda gani, na kama ulikuwa chumba kilichofungwa. Mama mjamzito aseme mapema kwamba ana mimba, hata kama yeye mwenyewe anajisikia vizuri, kwa sababu sumu hiyo humfikia mtoto tumboni na hukaa kwake muda mrefu zaidi.

Wiki ijayo, kama kawaida, tutajibu maswali yenu. Wale wenye vyuma vya dirishani, tuandikieni fundi wenu alisemaje.